Milioni 12 za Daktari: uchambuzi wa kisa cha mfuko wa upasuaji wa ubongo Mombasa

Daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo anastaafu Mombasa baada ya kuitumikia Pwani zaidi ya miaka thelathini. Wagonjwa aliowapasua, jamaa zao, wafanyabiashara wa mjini na madaktari waliopita mikononi mwake wamechanga shilingi milioni 12 kuanzisha mfuko kwa jina lake, wa mafunzo na utafiti katika fani hiyo. Pesa ziko benki. Kamati imekutana mara kadhaa, na kila mara watu huondoka wamenuniana, maana kila mmoja ana lake la kufanyia pesa hizo.

Kisa nimekiunga mwenyewe kutokana na hali za hapa kwetu, kwa hivyo hakuna haja ya kumtafuta Daktari huyu Kizingo wala Tudor, na hesabu za mfuko ni za mfano. Historia na takwimu za kitabibu zilizomo ni za kweli. Swali ni hili: pesa hizi zifanye nini ili mtu atakayeumia kichwa Pwani miaka kumi ijayo awe na nafasi nzuri ya kupona kuliko wa leo?

Kazi ya Daktari

Alisomea udaktari Nairobi wakati ambapo ubingwa wa kupasua ubongo haukufundishwa nchini. Kitengo cha Nairobi kilichoanzishwa miaka ya 1960 na Mwitaliano Renato Ruberti kilitegemea watu wachache waliopata ujuzi ng'ambo, akiwemo Gerishom Sande, Mkenya wa kwanza katika fani hiyo. Daktari wetu naye alikwenda Uingereza akarudi. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kutoa shahada ya ubingwa huo miaka ya 2000, na chuo cha madaktari wa upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa 1999, nacho kikafungua njia ya kusomea ukiwa kazini katika hospitali za kanda hii. Kizazi chake hakikuzipata njia hizo mbili.

Aliporejea Mombasa alikuwa na kekee ya mkono ya kutobolea fuvu na msumeno wa waya. Zana hizo si za kuonea haya. Upasuaji wa ubongo ulikua kwa zana kama hizo na hadi leo zinaokoa watu. Kilichomtatiza kilikuwa kingine. Miaka yake ya mwanzo alipasua watu wachache kuliko alivyotarajia, na wagonjwa walikuwapo tele. Siku alipokuwa na daktari wa usingizi, hakukuwa na kitanda cha mahututi. Kitanda kikipatikana, nesi aliyejua kumwangalia mgonjwa wa kichwa usiku kucha amehamishiwa wodi ya wazazi.

Katikati ya safari hiyo kulikuja hadubini ya upasuaji, msaada kutoka ng'ambo, ikapokewa kwa hotuba na picha. Ilifanya kazi mpaka balbu yake maalumu ilipoungua. Balbu ya pili haikupatikana nchini, na kifungu cha bajeti cha kuiagiza hakikuwapo. Hadubini ikafunikwa shuka.

Sasa linganisha na hili. Miaka aliyopasua watu wengi zaidi ilianza pale nesi mmoja wa thieta, ambaye kwenye kamati wanamwita Sista tu, aliporudi kutoka mafunzoni na kukataa kuhamishwa, na daktari mmoja wa usingizi alipoamua kubaki Mombasa. Vifaa vilikuwa vilevile. Kekee ilikuwa ileile. Kwangu mimi hili ndilo jambo zito kuliko yote katika kisa, na ajabu ni kwamba kamati ilimaliza vikao vyote vya mwanzo bila kulitaja, na Sista mwenyewe ameketi pale pale.

Ukubwa wa haja nitaupitia haraka, kwa kuwa hakuna anayeupinga. Kwa sensa ya 2019, kaunti sita za Pwani zina watu milioni 4.3. Kipimo kinachotajwa mara nyingi ni daktari mmoja wa upasuaji wa ubongo kwa watu 200,000, yaani Pwani ingehitaji 21 au 22. Utafiti uliochapishwa 2018 ulikadiria kuwa kila mwaka watu milioni 13.8 duniani wanahitaji upasuaji wa aina hii, kwamba zaidi ya milioni 5 wanaoukosa wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba kuziba pengo kunahitaji mabingwa wengine 23,000 na zaidi. Milioni 12 hazizibi pengo hilo. Kila aliyesema kwenye kikao kuwa "mfuko huu utamaliza tatizo" alikuwa akiwapotezea wenzake muda.

Wanavyotaka wanakamati

Hajj, mwenye kampuni ya ujenzi na mchangiaji mkubwa kuliko wote, anataka hadubini mpya. "Mwanangu," alimwambia daktari kijana anayetaka kusomea ubingwa, "mtu akitoa pesa ataka kuona kitu. Hiyo karatasi yako ya utafiti ntamwonesha nani?"

Hoja ya Hajj si ya kudharau. Wachangaji wanataka kuona, na mfuko usioonekana haupati mchango wa pili. Lakini hadubini ingekula sehemu kubwa ya shina, yaani mtaji wenyewe wa mfuko, siku ya kwanza, na baada ya hapo mfuko ungehitaji mfuko mwingine wa kuutunza. Ya kwanza imeshaonesha mwisho wake.

Binti wa Daktari, anayeishi London, anataka kila mwaka kijana mmoja apelekwe ng'ambo kama babake alivyopelekwa. Ameleta mfano wa kweli na mzuri. William Van Wagenen, mwanafunzi wa Harvey Cushing, Mmarekani mwasisi wa upasuaji wa ubongo wa kisasa, na rais wa kwanza wa Harvey Cushing Society, chama ambacho leo ndicho chama cha madaktari wa upasuaji wa ubongo wa Marekani, aliacha mali ambayo tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 inawapeleka madaktari wachanga wa Amerika ya Kaskazini kusoma nje ya nchi zao. Wengi waliopitia huko walikuja kuwa viongozi wa fani.

Mfano huo ni mzuri kwa mahali ulikotoka. Kijana anayesafirishwa na mali ya Van Wagenen anaacha nyuma yake idara iliyojaa watu, na akirudi anaikuta imemngoja: maprofesa, maabara, manesi wa mahututi, fundi wa mashine. Safari inamwongezea aliyekwisha kuwa na vingi. Kijana wa Mombasa akirudi anakuta pengo alilolitoboa mwenyewe kwa kuondoka, na pengine nesi aliyekuwa akifanya naye kazi amekwishapata ajira Saudia. Usomeshaji wa fani hii katika nchi zetu umekuwa ukielekea upande wa pili. Hata FIENS, taasisi iliyoundwa 1969 kupeleka wataalamu wa kujitolea katika nchi zisizo na madaktari wa kutosha, imejikita katika kumfundisha mtu pale anapofanyia kazi, kwa vifaa atakavyovitumia kesho yake.

Daktari kijana anataka utafiti, ila alipoulizwa utafiti wa nini akajibu kwa jumla jumla, "Wa kuinua fani, Ami," na Hajj akacheka. Hapo ndipo Daktari mwenyewe, aliyekuwa kimya, alipoanza kumsimulia Hajj habari za wazee wa Mji wa Kale.

Damu ya mzee

Ugonjwa aliousimulia ni wa kawaida sana. Ubongo wa mtu mzima husinyaa kidogo kadiri umri unavyokwenda, na mishipa midogo ya damu inayovuka kutoka kwenye ubongo hadi utando wa nje inabaki imevutika. Mzee anateleza kwenye ngazi, au anagonga kichwa mlangoni akienda kutawadha alfajiri. Hakuna jeraha, hakuna kuzimia, anaendelea na siku yake. Mshipa mmoja umechanika. Damu inavuja taratibu, na hatari huzidi kama mzee anakunywa dawa za kuzuia damu kuganda. Wiki kadhaa baadaye anaumwa kichwa, anaburuta mguu, anaita wajukuu kwa majina ya ndugu zake waliokufa. Nyumbani wanasema uzee. Jirani anasema kiharusi. Mwingine anashauri aitwe mtu wa kumsomea. Wakati huo damu imeshakuwa majimaji ya rangi ya mafuta machafu ya gari, na kwenye picha ya CT inaonekana kama mwezi mwandamo ulioegemea upande mmoja wa fuvu.

Tiba yake ni katika zilizo rahisi kabisa ndani ya fani hii. Matundu mawili kwa kekee, damu inatolewa, pakaoshwa kwa maji ya chumvi yenye uvuguvugu mpaka yatoke safi. Wengi hurudiwa na fahamu zao. Sista anasema amewaona wazee walioingia thieta hawamjui mke, na kesho yake wanagombana na manesi kwa sababu chai haina tangawizi.

Tatizo ni kwamba damu hurudi. Na hapa ndipo Daktari alipomfikisha Hajj alipotaka kumfikisha. Madaktari wa Cambridge, Uingereza, waliwagawa wagonjwa 215 kwa bahati nasibu: wengine waliachiwa mrija mwembamba wa kutolea maji kwa siku mbili baada ya upasuaji, wengine wakafungwa bila mrija. Matokeo yalichapishwa 2009. Waliolazimika kupasuliwa tena walikuwa asilimia 24 kwa wasio na mrija, na asilimia 9.3 kwa wenye mrija. Waliokufa ndani ya miezi sita walikuwa asilimia 18.1 dhidi ya 8.6. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu faida ilikuwa imeshajidhihirisha.

"Mrija wenyewe bei gani?" aliuliza Hajj.

Daktari akamwambia. Hajj akanyamaza, kisha akasema, "Basi mbona hamukununua tangu zamani?"

"Tulinunua, Hajj. Twauliza sasa kitu chengine: mzee wa Msambweni akianguka leo, siku ngapi zapita mpaka apate picha? Wangapi wapewa dawa ya kiharusi kwanza, wakavujishwa zaidi? Hakuna ajuaye. Hakuna aliyeandika."

Hili ndilo jibu ambalo daktari kijana alishindwa kulitoa. Utafiti unaofaa mfuko wa milioni 12 ni daftari: kila mgonjwa wa damu ya kichwa anayefika, umri wake, anatoka kaunti gani, tarehe aliyoumia, tarehe ya picha, alama zake za fahamu kwa kipimo cha Glasgow kinachotumika tangu 1974, tarehe ya upasuaji, kama aliwekewa mrija, na hali yake baada ya miezi sita. Ukiwa na daftari la miaka mitatu unaweza kujua kama shida iko kwenye kivuko cha Likoni, kwenye zahanati, kwenye foleni ya CT au nyumbani. Bila daftari utanunua ambulensi pale ambapo tatizo lilikuwa ni mganga wa zahanati asiyeushuku ugonjwa.

Kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu utafiti, vitahitajika, na sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inahusu kila ukurasa wa daftari hilo. Hayo ni makaratasi ya kawaida. Kilifi, kilomita 60 hivi kutoka Mombasa, KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na Wellcome, mfuko wa Uingereza, wanafanya utafiti tangu 1989, na kazi yao nyingi imesimama juu ya kuandika kwa uaminifu nani aliingia hospitali na nini kilimpata. Mwenye shaka kuwa Pwani inaweza, akatazame huko.

Na mwenye shaka kuwa hospitali ya Afrika Mashariki inaweza kuwafundisha wapasuaji wa dunia atazame Mbale, Uganda. Benjamin Warf, Mmarekani, alikwenda kufanya kazi kwenye hospitali ya watoto ya CURE huko mwanzoni mwa miaka ya 2000. Alikuta watoto wengi wenye vichwa vikubwa kwa kujaa maji, wengi wao baada ya maambukizi ya uchangani. Tiba ya kawaida ni shanti, mrija wa kutolea maji kichwani unaokaa mwilini maisha yote. Shanti ikiziba na mtoto yuko kijijini siku moja na nusu kutoka hospitali, mtoto anakufa. Warf akaunganisha njia mbili: kutoboa njia mpya ya maji ndani ya ubongo kwa kamera nyembamba, na kuunguza tishu inayotengeneza maji hayo. Aliporudi Marekani kazi haikusimama. Waganda aliowafunza, John Mugamba miongoni mwao, waliiendeleza. Mwaka 2017 jaribio lililofanyika hapo hapo Mbale kwa watoto wachanga 100 lilichapishwa katika mojawapo ya majarida makubwa kabisa ya tiba duniani: baada ya mwaka mmoja, ukuaji wa akili wa watoto wa njia hiyo mpya haukutofautiana na wa wenye shanti. Mtoto anaweza kuepushwa na mrija bila kupunguziwa akili. Swali lilizaliwa Mbale kwa sababu Mbale ndiko lilikouma.

Kuna mfano mwingine ambao kamati iliuzungumza kwa pembeni. Haydom, Tanzania, Mmarekani Dilan Ellegala alianza mwaka 2006 kumfundisha mganga msaidizi, mtabibu wa hospitali asiye daktari kamili, kufungua fuvu. Wapo wanaomsifu na wapo waliokasirika. Mimi nisingeliweka hilo kwenye hati ya mfuko huu. Lakini kumfundisha daktari wa upasuaji wa kawaida aliyeko Hola au Lamu kutoboa matundu mawili ya kuokoa maisha, simu ikiwa sikioni na bingwa wa Mombasa upande wa pili, ni jambo ambalo daftari likishasema wagonjwa wanafia wapi, linastahili kurudi mezani.

Shina na matunda

Mombasa haihitaji kufundishwa namna ya kuweka mali isiyoliwa. Wakfu tunao tangu zamani: nyumba, mashamba ya minazi, visima. Shina haliuzwi wala halirithiwi. Matunda ndiyo yanayotumika, tena kwa yale tu aliyoyataja mwenye kuweka. Mfuko huu una wachangaji wa dini zote, kwa hivyo utasajiliwa kama udhamini wa kawaida wa sheria ya nchi, ila nidhamu yake na iwe ya wakfu.

Ugumu ni pale pesa zitakapokaa. Hati za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba, zinalipa vizuri, lakini Hajj na wenzake hawataki pesa yao iguse riba, na wana haki hiyo. Pendekezo langu ni vyumba viwili ndani ya hati moja ya udhamini. Nusu, milioni 6, inunue fleti ya kupangisha. Baada ya ukarabati na kodi ya mapato tuseme inabakisha 350,000 kwa mwaka. Nusu ya pili iwekwe kwenye hati za serikali. Kwa asilimia 12 italeta 720,000. Jumla 1,070,000. Toa 150,000 irudi kwenye shina, vinginevyo kupanda kwa bei kutalitafuna kimyakimya. Karani wa daftari, kwa 35,000 kwa mwezi, ni 420,000. Kinachobaki ni 500,000.

Laki tano hazimsomeshi bingwa. Hapa kamati ilitakiwa ikubali jambo linalouma, nalo ni kuwa mfuko hauwezi kuahidi kutoa daktari wa upasuaji wa ubongo kila baada ya miaka kadhaa. Mshahara wa anayesoma lazima ulipwe na kaunti iliyomwajiri, kwa likizo ya masomo. Mfuko uzibe matundu ambayo kaunti haiyaoni: ada ya mtihani, kodi ya chumba Nairobi miezi anayozunguka wodi za huko, nauli. Na manesi. Kumpeleka nesi wa thieta au wa mahututi akakae miezi mitatu kwenye kitengo chenye kazi nyingi ni gharama ndogo sana ukilinganisha na ya daktari, na historia ya Daktari mwenyewe inaonesha kinachotokea nesi huyo akirudi.

Binti yake aliuliza kama jina la babake litaonekana wapi basi, kama hakuna hadubini wala wasomi wa London. Sista akamjibu kabla ya mtu mwingine: "Litakuwa kwenye jalada la daftari, mwanangu. Kila siku mtu atalifungua."

Kifungu kilichozua ubishi

Daktari kijana yuko tayari kusaini kwamba akimaliza atafanya kazi Pwani miaka mitano, la sivyo atarudisha alichopewa. Ila ametaka kifungu kimoja: hospitali ikishindwa kumpa walau siku moja ya thieta kwa wiki kwa miezi sita mfululizo, au mshahara wake ukikwama kwa muda huo, deni lifutike.

Hajj alikataa. "Hiyo ni kumpa mlango wa kutokea kabla hajaingia."

Nilisimama upande wa kijana. Mkataba unaomfunga mtu mahali asipoweza kufanya kazi unampata mtu aliyevunjika moyo, na mpasuaji wa ubongo akikaa mwaka bila kupasua, mkono unapotea. Kifungu hicho pia kinaipa kamati sababu ya kwenda kugonga mlango wa kaunti mwezi wa tatu badala ya kulalamika mwaka wa tatu.

Kilipita hatimaye, kikiwa na mabadiliko mawili. Hajj alipata miezi tisa badala ya sita. Na Sista, ambaye safari hii hakukaa kimya, alitaka iandikwe kwamba mfuko hautamlipia daktari yeyote chochote mpaka nesi wa kufanya naye kazi awe ameshapangiwa mafunzo katika mwaka huohuo. Daktari akasema hilo litachelewesha mambo. Sista akasema na lichelewe, akaomba kalamu.